Fungua digrii uone ndani: kuchagua kati ya shahada ya sanaa na ya sayansi

Ndugu wanafunzi, wazazi, walezi na walimu, hamjambo.

Swali lililotukutanisha lina maneno machache tu: nichukue shahada ya kwanza ya sanaa au ya sayansi? Wengi wenu mmeshapewa majibu huko mlikotoka. Kuna walioambiwa sayansi ina ajira na sanaa haina. Kuna walioambiwa sayansi ni ya wenye vichwa na sanaa ni ya waliobaki. Maneno haya yanaumiza vijana, nami nayakataa waziwazi, lakini kuyakataa tu hakutamsaidia mtu kujaza fomu. Kitakachomsaidia ni kujua namna ya kuzichukua digrii mbili, kuzifungua na kuzisoma zilivyo ndani. Kazi hiyo inataka karatasi, kalamu na jioni moja ya utulivu.

Tuanze na majina, maana lugha yetu wenyewe imetuwekea mtego hapo. Ukitamka "sanaa", anayekusikia anaona uchoraji, uchongaji, ngoma, maigizo. Basi mzazi akisikia mwanawe anataka shahada ya sanaa katika uchumi, anashtuka: uchumi na kuchora, wapi na wapi? Sanaa inayotajwa kwenye digrii ni ile ya vyuo vikuu vya kale vya Ulaya, ambako mwanafunzi alisoma sanaa saba: sarufi, balagha na mantiki, kisha hesabu, jiometri, muziki na astronomia. Hesabu na jiometri zilikuwa ndani ya sanaa tangu mwanzo. Shahada yenye jina la sayansi ilikuja karne nyingi baadaye. Chuo Kikuu cha London kilianza kuitoa mwaka 1860.

Kwa sababu ya historia hiyo, majina hayafuati kanuni moja hadi leo. Pale Cambridge, mwanafunzi wa sayansi asilia anayemaliza miaka mitatu huhitimu na shahada ya sanaa. Pale MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, shahada ya kwanza huitwa ya sayansi hata kwa aliyesoma falsafa au fasihi. London School of Economics hutoa shahada ya sayansi katika uhusiano wa kimataifa. Na sayansi ya siasa, ambayo neno sayansi limekaa mbele kabisa, vyuo vingi huiweka chini ya shahada ya sanaa. (Anayetaka kuchora au kuchonga kwa kweli kweli atafute shahada ya sanaa za ubunifu, ambayo sehemu kubwa ya muda wake hupita studioni. Hiyo ni njia nyingine, na leo siigusi.)

Kwa ngazi, digrii hizi mbili ni sawa. Katika mfumo wa pamoja wa Ulaya, shahada ya kwanza ina krediti (vipimo vya kiasi cha masomo) 180 hadi 240, iwe ya sanaa au ya sayansi. Uingereza ni krediti 360 kwa shahada ya kwanza ya "honours". Marekani ni takribani 120. Kwa kawaida hukuti chuo kimeandika kwamba ya sanaa inatosha na krediti pungufu. Mtu akikwambia shahada ya sanaa ni digrii nusu, muulize nusu hiyo inapimwa kwa mizani gani.

Sasa tufungue. Fani nyingi hutolewa kwa njia zote mbili: uchumi, saikolojia, jiografia, sayansi ya kompyuta, hata biolojia na hisabati. Hapo ndipo swali linapouma, kwa sababu kijana haambiwi achague kati ya fasihi na kemia. Anaambiwa achague kati ya saikolojia na saikolojia.

Tafuta mtaala wa kila programu, ule unaotaja masomo muhula kwa muhula pamoja na krediti zake na masharti ya kila somo. Kipeperushi cha matangazo hakitoshi. Hakikisha ni mtaala wa mwaka utakaojiunga, kwani mitaala hubadilishwa, na anayeingia kwa kawaida hufungwa na ule wa mwaka wake. Gawa karatasi safu mbili, kushoto ya sanaa, kulia ya sayansi. Andika masomo yote. Kisha kila somo lililomo katika safu zote mbili lipigie mstari, ulitoe machoni.

Tuchukue mfano wa saikolojia, kwa mpango wa krediti 120 na masomo 40 ya krediti tatu tatu. Baada ya kupiga mistari, tuseme masomo 27 yamefutika: utangulizi, saikolojia ya makuzi, ya jamii, ya kumbukumbu na kufikiri, mbinu za utafiti, takwimu za msingi, uandishi, na mengine ya jumla. Yamebaki 13 kila upande. Upande wa sanaa: manne ni ya lugha ya kigeni, matatu ni ya historia, falsafa au fasihi, na sita ni ya hiari kabisa. Upande wa sayansi: mawili ya hisabati, mawili ya kemia, mawili ya biolojia yenye maabara, mawili ya takwimu za juu, mawili ya ubongo na mfumo wa fahamu, na matatu tu ya hiari. Idadi zitatofautiana chuo kwa chuo, lakini sura hii mtaikuta tena na tena: upande mmoja una lugha na nafasi, upande wa pili una hisabati, maabara na ratiba iliyobana.

Hayo 13 ndiyo unayochagua. Mengine yote utayasoma vyovyote iwavyo. Uyasome majina yake polepole, moja moja, ujiulize kama ungeyachukua bila kulazimishwa.

Na uyatazame vizuri yale sita ya hiari, maana hapo ndipo palipo na utajiri ambao wengi hawauoni. Mwanafunzi wa shahada ya sanaa anayetumia hiari nne kuchukua masomo mawili ya kalkulasi, yaani hisabati ya mabadiliko, na mawili ya takwimu za juu, anamaliza na maarifa ya hesabu sawa na mwenzake wa upande wa pili, na juu yake ana lugha ya kigeni. Mwingine anazitawanya hiari zile zile kwa kufuata saa nzuri za vipindi au mhadhiri anayesifiwa kwa kutoa alama kirahisi. Wote wawili watapewa cheti chenye jina moja. Ndiyo maana nasema shahada ya sanaa inamtaka mtu mwenye mpango wake mwenyewe, na shahada ya sayansi inampa mpango mtu asiye nao. Kama unajijua kwamba bila kusukumwa huendi, kubanwa kwa ratiba kunaweza kuwa msaada mkubwa kwako.

Tuje kwenye muda, kwa sababu krediti hazisemi ukweli wote. Kwa hesabu ya kawaida ya Marekani, krediti moja ni saa moja ya darasa na saa mbili za kujisomea kila wiki, kwa wiki 15 hivi. Krediti 15 katika muhula ni saa 45 kwa wiki. Uingereza, krediti moja ni saa 10 za kazi yote kwa jumla, kwa hiyo mwaka wa krediti 120 ni saa 1200. Ulaya, krediti moja ni saa 25 hadi 30. Hadi hapo sanaa na sayansi zinaonekana kulingana. Lakini maabara ina kipimo chake: krediti moja ya maabara mara nyingi ni saa mbili au tatu ndani ya chumba. Mwenye krediti 15 za mihadhara yuko darasani saa 15. Mwenye krediti 13 za mihadhara na mbili za maabara za saa tatu tatu yuko ndani saa 19, na zile za maabara hazihamishiki. Huwezi kuzisoma usiku. Kama utakuwa unafanya kazi ya malipo huku unasoma, au una mtoto wa kulea, hizo saa nne ni lazima uziingize kwenye hesabu kabla ya kuchagua.

Na ndani ya hizo saa tatu kuna nini? Tazama kipindi kimoja cha kemia ya mwaka wa kwanza. Umepewa asidi usiyoijua nguvu yake. Unajaza alkali kwenye bureti, yaani bomba la kioo lenye mistari ya vipimo, unatoa kiputo cha hewa kilichonasa chini ya bomba, unasoma usawa wa maji kwa jicho lililo sambamba na mstari. Unadondosha, unazungusha chupa, unadondosha. Karibu na mwisho ni tone kwa tone, hadi rangi ya waridi hafifu ya kiashiria ulichotia kwenye asidi ibaki bila kufifia. Ukizidisha matone mawili rangi inakolea, kipimo kimeharibika, unamwaga na kuanza upya. Unarudia hadi vipimo vipatane, tofauti isizidi mililita 0.1. Kisha unaandika ripoti: jedwali, hesabu, na kiasi cha kosa linaloweza kuwa limetokana na vyombo vyenyewe. Kuna watu ambao kurudia huko huwapa raha. Mara ya tatu wamesogeza kiti karibu zaidi. Kuna wengine ambao mara ya pili tu wameshaanza kukadiria. Huyu wa pili si mjinga, lakini miaka mitatu au minne ya vipindi kama hivyo itakuwa mizigo, na vipimo vya kukadiria huonekana haraka kwenye ripoti.

Upande wa sanaa nao una kazi yake, tena nzito kuliko wengi wanavyodhani. Semina moja ya historia inaweza kudai kurasa 150 kwa wiki. Ukisoma kurasa 20 kwa saa huku unaandika maelezo, ni saa saba na nusu, na hujaandika sentensi moja ya insha. Kisha insha yenyewe ya maneno 2500. Kinachowaangusha wengi hapo si lugha. Ni kusimulia walichosoma badala ya kujenga hoja. Mwanafunzi ana vitabu vitano, anampa kila mwandishi aya moja, anafunga. Msomaji anabaki anauliza: na wewe unadai nini? Insha nzuri huanza na dai ambalo mtu mwenye akili timamu anaweza kulipinga, kisha kila aya inalibeba dai hilo hatua moja mbele, na mahali fulani inaukabili ushahidi unaolipinga bila kuuficha. Kuandika hivyo ni kuandika mara tatu. Asiyependa kufuta alichokiandika atateseka huku kama yule anayekadiria bureti atakavyoteseka kule.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningependa kila mmoja aondoke nalo, hata akisahau mengine. Masomo ya sayansi na hisabati yamefungwa kwa minyororo. Somo moja ni sharti la lingine, na lingine sharti la tatu. Tuchukue uchumi, kwa programu ya miaka minne, mihula minane. Kalkulasi ya kwanza, muhula wa 1. Kalkulasi ya pili, muhula wa 2. Kalkulasi ya vigeu vingi na aljebra ya mstari, muhula wa 3. Nadharia ya uwezekano, wa 4. Takwimu za kihisabati, wa 5. Ekonometriki ya juu, yaani takwimu za kupima mambo ya uchumi, wa 6. Tasnifu inayotumia ekonometriki hiyo, muhula wa 7 na wa 8. Mnyororo umejaa, hauna pete ya akiba.

Aliyeanza kama mwanafunzi wa sanaa bila kalkulasi, kisha akaamua mwanzoni mwa mwaka wa pili kuhamia sayansi, anaanza pete ya kwanza muhula wa 3. Ekonometriki ya juu inamfikia muhula wa 8, na tasnifu inayoihitaji ilitakiwa ianze muhula wa 7. Tayari ameshavuka miaka minne. Akifeli somo moja njiani, na somo lile linatolewa mara moja tu kwa mwaka, anasubiri mwaka mzima kulirudia, na kila kilicho mbele yake kinasubiri naye. Na kila muhula wa ziada una ada yake na gharama ya kuishi, wakati mwingine hata mkopo au ufadhili umeshakoma.

Safari ya kinyume haina ugumu huo. Mwanafunzi wa sayansi anayehamia sanaa mwaka wa pili anakuta masomo mengi ya historia au sosholojia hayajafungwa kwa minyororo mirefu hivyo; anaweza kuingia katikati akajitahidi. Kalkulasi zake hazipotei, nyingi zitahesabiwa kama hiari. Kwa hiyo ukiwa hujaamua, anza na hisabati. Sisemi hivi kwa sababu hisabati ni bora kuliko historia. Nasema kwa sababu mlango wake ndio unaofungwa mapema, na mlango unaofungwa mapema ndio wa kuingia kwanza.

Lakini msidhani minyororo ni ya sayansi peke yake. Lugha nazo ni ngazi. Taasisi inayowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani hukadiria takribani saa 2200 za darasa kwa anayezungumza Kiingereza kufikia kiwango cha kazi katika Kiarabu au Kichina. Kwa Kiswahili ni takribani saa 900. Masomo manne ya lugha, kila moja saa nne kwa wiki kwa wiki 15, ni saa 240 tu. Anayetaka lugha iwe chombo cha kazi yake aianze muhula wa kwanza na aiendeleze hadi wa mwisho. Akiiacha hadi mwaka wa tatu kwa kutimiza sharti, atahitimu akiwa na salamu na sarufi kidogo. Muziki pia ni hivyo hivyo kwa nadharia na ala.

Kuna kosa jingine ambalo hurudiwa kila mwaka: kukimbilia sanaa ili kukwepa hesabu. Anayechukua saikolojia, sosholojia, uchumi, jiografia au sayansi ya siasa kwa sababu hiyo hukutana na takwimu mwaka wa kwanza au wa pili, mara nyingi kama somo la lazima, na mara nyingi ni sharti la somo la mbinu za utafiti. Si hesabu ngumu sana. Ni wastani, mtawanyiko, uwezekano, majaribio ya dhana, na namna ya kupima kigezo kimoja kinavyokwenda na kingine. Lakini aliyeingia akiwa na ahadi moyoni kwamba hesabu zimekwisha, hufeli kwa kutokuwa tayari, si kwa kutokuwa na uwezo. Kama kweli hutaki hesabu kabisa, mahali pako ni fasihi, falsafa, lugha, historia au dini, na hata huko kwenye falsafa kuna mantiki ya alama inayofanana sana na aljebra.

Kosa la upande wa pili halisemwi sana, nami naliona zito vile vile. Ni kukimbilia sayansi ili kukwepa kuandika. Mtu anamaliza miaka minne akiwa hajaandika hoja ndefu zaidi ya ripoti ya kurasa sita yenye vichwa vilivyopangwa tayari. Kisha anadaiwa tasnifu, ombi la fedha za utafiti, taarifa kwa watu wasio wa fani yake, na hajui aanzie wapi. Ukichagua sayansi, tumia angalau hiari moja au mbili katika somo ambalo alama zake zote zinatokana na insha, na ulichukue mapema, ukiwa bado una muda wa kurekebishwa.

Twende kwenye ajira na masomo ya mbele, ambako wazazi mna wasiwasi zaidi, na mna haki ya kuwa nao. Tenganisheni kazi za aina mbili. Kuna taaluma zinazosimamiwa kwa sheria au na bodi: uhandisi, udaktari, uuguzi, ufamasia, na nyingine. Huko kinachoangaliwa ni kama programu ina ithibati, yaani imeidhinishwa rasmi kwamba inafikia viwango. Bodi ya ABET ya Marekani, kwa mfano, inataka programu ya uhandisi iwe na angalau krediti 30 za hisabati na sayansi za msingi na angalau krediti 45 za masomo ya uhandisi. Programu isiyofikisha hapo haipati ithibati hata ikiitwa sayansi mara mbili. Tangu mwaka 1989 kuna pia Mkataba wa Washington, ambao kwa huo taasisi za ithibati za nchi wanachama hutambuliana shahada za uhandisi zilizoidhinishwa. Kwa hiyo anayelenga taaluma ya namna hiyo aulize swali moja kabla ya yote: programu hii ina ithibati ya nani, na inaisha lini?

Udaktari una jambo lake la kueleweka. Kuna nchi ambazo kijana huingia shule ya udaktari moja kwa moja kutoka sekondari, na hapo swali la sanaa au sayansi halipo. Kuna mfumo wa Marekani, ambako udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza. Huko shule nyingi hutaka mwaka mmoja wa biolojia, mwaka wa kemia ya jumla, mwaka wa kemia ya kaboni na mwaka wa fizikia, vyote na maabara, na nyingi huongeza baiokemia. Hazitaki digrii yenye jina fulani. Aliyesoma historia akayapitisha masomo hayo vizuri ana haki ya kuomba sawa na mwingine. Ila ahesabu: hayo ni masomo manane au tisa, mengi yake yenye maabara, na kemia ni mnyororo wa mihula minne, mitano ukiongeza baiokemia. Akianza mwaka wa pili bado anawahi. Akianza wa tatu, ajiandae kuongeza mwaka.

Kazi nyingine zote, na ndizo nyingi, hazina bodi. Mwajiri anataka kujua unaweza kufanya nini. Katika kompyuta, kwa mfano, masomo ya kiini huwa yale yale kwa sanaa na sayansi: kuandika programu, miundo ya data, algorithimu, hisabati ya vitu vinavyohesabika kimoja kimoja. Ya sayansi huongeza kalkulasi zaidi, fizikia, mifumo endeshi, usanifu wa kompyuta. Anayetaka kutengeneza programu za simu na tovuti, kiini kinamtosha, na zile hiari anaweza kuzitumia kwenye usanifu, lugha au biashara. Anayetaka kufundisha mashine kutambua picha au sauti atahitaji aljebra ya mstari, kalkulasi ya vigeu vingi na uwezekano, na asiposoma chuoni atakuja kuzisoma peke yake usiku, kwa shida zaidi.

Uzamili na uzamivu vina siri nyingine. Anayesoma uchumi akiwa na ndoto ya uzamivu katika vyuo vyenye ushindani ajue kwamba wanaosoma maombi hutafuta kalkulasi hadi ya vigeu vingi, aljebra ya mstari, takwimu, na mara nyingi uchanganuzi halisi, yaani hisabati ya kuthibitisha. Wanaangalia nakala yako ya matokeo mstari kwa mstari. Shahada ya sanaa yenye masomo hayo inapita. Shahada ya sayansi isiyo nayo inakwama. Njia nzuri ni hii: chukua programu tatu za uzamili unazoziota, nakili masharti yao ya kuingia, uyaweke kando ya zile safu zako mbili. Kila sharti lisiloonekana katika safu uliyoipenda, lizungushie duara. Hizo duara ndizo hiari zako. Zikizidi hiari ulizo nazo, umechagua safu isiyo yako.

Bado kuna mtu anasema: nimeelewa yote, lakini moyo wangu sijaujua. Kwa huyo nashauri jaribio la wiki mbili. Wiki ya kwanza chukua sura moja ya kitabu cha kalkulasi au takwimu cha chuo, ufanye maswali kwa saa sita. Wiki ya pili chukua makala mbili za kitaaluma zinazopingana juu ya jambo moja, uzisome na uandike kurasa mbili za kusema nani ana hoja yenye nguvu na kwa nini, saa sita pia. Usijipe alama. Angalia kitu kimoja: ulipokwama, ulirudi mwenyewe baada ya kupumzika, au ulihitaji kujilazimisha? Alama za sekondari zinaonyesha ulifundishwaje na ulikariri kiasi gani. Kurudi kwenye tatizo bila kutumwa kunaonyesha zaidi, kwa sababu chuoni hakuna atakayekutuma.

Wazazi, naomba jaribio hili msilifanye kwa niaba ya watoto wenu.

Kwa wale watakaoingia kwenye mfumo unaoruhusu kuchagua baada ya kuanza, muhula wa kwanza upangwe hivi: kalkulasi au, kama msingi wa hesabu ni dhaifu, somo la kuandaa kalkulasi, somo moja la insha nyingi, somo la utangulizi la fani yenyewe, na la nne liwe sayansi yenye maabara au lugha, kutegemea moyo umeegemea wapi. Msichukue maabara mbili muhula wa kwanza. Kwa mpango huu milango yote miwili inabaki wazi hadi mwisho wa mwaka. Ulizeni mapema tarehe ya mwisho ya kuhama, wastani wa alama unaotakiwa, na krediti zipi zitahamishwa. Majibu mpewe kwa maandishi, yakiwa yametaja somo kwa somo, kwa sababu anayewajibu leo huenda asiwe kwenye kiti hicho mwaka ujao.

Na kwa wale wanaoomba kwenye mfumo kama wa Uingereza, ambako mtu hupokewa moja kwa moja kwenye programu na hiari ni chache, kuhama huwa kugumu zaidi. Huko sharti la kwanza la kuangalia ni masomo ya sekondari: programu nyingi za sayansi hazimpokei asiye na hisabati ya kiwango cha juu, hata awe na alama nzuri namna gani kwingineko. Kazi yote ya safu mbili ifanyike kabla fomu haijatumwa.

Waliokuja na mitaala yao, meza ziko nyuma na kalamu zipo. Kila mmoja aanze kuandika safu ya kushoto, nasi tutapita meza kwa meza kuangalia minyororo.